Waliomtaka Shangazi Zaituni Aseme

"Hayuko tayari," alisema Madame Delcourt. Aliniambia mimi, si shangazi yangu aliyekuwa amekaa pale pale mbele yake na mkoba mapajani. Dirisha la chumba chake lilitazama uwanja wa Flagey, hapa Brussels, na huko chini watu walikuwa wakinywa kahawa juani. Aliyatamka maneno hayo kwa sauti laini, kama mwalimu anayemweleza mzazi kwamba ni heri mtoto arudie darasa.

Miezi mingi imepita na maneno yale bado yananichemsha. Mimi si mtu wa kubishana. Kwenye mikutano nakaa karibu na mlango, na nikiuziwa kitu kibovu dukani naondoka nacho kimya. Nafanya kazi maktaba, na sauti yangu imezoea ukimya wa huko. Lakini kuandika najua, kwa hiyo nitaandika, maana sijawahi kumwona mtu aliyekuwa tayari kupona kama shangazi Zaituni, na huyo ndiye waliyemwandika kuwa hayuko tayari.

Zaituni ni dada wa baba yangu. Alizaliwa Buyenzi, kule Bujumbura, akaja Ubelgiji wakati wa vita, na leo anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huku Schaerbeek. Asubuhi anawaosha wazee wa Kibelgiji, anawavalisha, anawachana nywele, na wengine wanamwita kwa majina ya binti zao naye anaitika. Hiyo ndiyo kazi ya mshahara. Ana nyingine isiyo na mshahara wala cheo: ni muosha maiti. Mwanamke wa Kiislamu akifariki kati ya watu wetu hapa Brussels, Mrundi au Mkongo, hata mpita njia asiye na ndugu, simu inapigwa kwa Zaituni. Anachukua mkoba wenye kafuri, pamba na sanda, anakwenda kwenye chumba cha kuoshea kilicho nyuma ya ofisi ya mazishi, na anamwosha marehemu chini ya shuka, polepole, akianzia kulia, kana kwamba maji ya moto yangeweza bado kumchoma.

Kazi hiyo ina sharti moja ambalo kwetu hata mtoto analijua. Anachokiona muoshaji anakiacha pale pale. Kovu, uvimbe, uso uliokunjamana au uliong'aa, havitoki nje ya mlango ule. Hata idadi ya aliowaosha haitaji. Nilipokuwa msichana mdogo nilimuuliza ni wangapi, akanitazama kama niliyetukana mbele ya wageni.

Basi alikuwa na mdogo wake, Hidaya, aliyemfuata tumboni mwa mama yao. Hidaya alisafisha ofisi kwenye yale maghorofa ya karibu na stesheni ya Gare du Nord. Alikuwa na mdomo, na hakujua kuimba ila aliimba. Korona ilimchukua katika ile miezi ya mwanzo, wakati hata madaktari hawakujua wanapambana na nini. Hospitali aliyolazwa haikumruhusu mtu kumwona, na alipofariki walimfunga kwenye mfuko na kusema mfuko haufunguliwi. Shangazi alisimama nje ya mlango wa chumba cha maiti, barakoa usoni, kafuri na sanda mkobani. Mfanyakazi mmoja alimweleza kanuni kwa heshima. Akarudi nyumbani na mkoba umejaa vile vile alivyotoka nao. Yeye aliyewaosha dada za watu wote hakumwosha wa kwake.

Sigombani na kanuni za wakati ule. Watu walikuwa wanakufa. Ninachogombana nacho kilikuja baadaye.

Milango ilipofunguliwa tena, shangazi aliitwa kumwosha mama mmoja. Alijaza maji, akasoma alichokuwa akisoma siku zote, akainua kata, na vidole vikajifunga. Kata ilianguka sakafuni. Mwanamke mwingine akamaliza kazi. Alipoitwa mara ya pili ikawa yale yale, na ya tatu hakufika mlangoni. Akaanza kutoa visingizio, mara zamu, mara mgongo, na simu zikahamia kwa mke wa Fahad, jirani yetu. Na kesho yake asubuhi, kazini, mikono ile ile iliwaosha wazee bila kutetemeka hata kidogo. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu watu wawili waliosomea kazi ya kuuliza hawakuliuliza.

Angeweza kuishi hivyo, nadhani, lau si Bibi Rayhana. Huyu ndiye aliyemfundisha kuosha, zamani kule Buyenzi, na sasa alikuwa amelazwa hapa mjini, figo zimemchoka. Ana ulimi wa kuchoma na watu humpenda kwa huo. Miaka mingi nyuma alimwahidisha Zaituni kwamba ndiye atakayemwosha, yeye na si mwingine. Alipojua habari ya mikono hakumfariji hata kidogo.

"Mimi sifi mpaka mikono yako ipone," alimwambia tulipokwenda kumwona. "Na yule mke wa Fahad asinikaribie, ana vidole vya barafu. Nitakaa humu humu ninywe supu yao mpaka wafilisike."

Tulicheka. Shangazi alicheka pia, ila kwenye korido alisimama akakishika chuma cha ukutani kama mtu aliye melini. Madaktari walikuwa wameshasema kwamba Bibi hatauona mwaka mwingine. Tangu siku hiyo shangazi alikuwa na hitaji moja tu: mikono yake ipone kabla ya Bibi Rayhana kuondoka. Akamwambia daktari wa kazini ukweli wote, jambo ambalo watu wa rika lake hawalifanyi kirahisi, na daktari akamwelekeza kwa Madame Delcourt, mtaalamu wa saikolojia, mtu mwenye sifa. Mimi nilikwenda kama mkalimani. Kifaransa cha shangazi kinatosha kumgeuza mgonjwa na kumbembeleza ale. Cha kumweleza mtu yaliyomo moyoni hakimtoshi.

Siku ya kwanza shangazi aliingia na kusalimu kama anavyosalimu mtu mwenye adabu. Akauliza habari za nyumbani. Akauliza kama Madame ana watoto na kama hawajambo. Nilitafsiri. Madame Delcourt aliinamisha kichwa upande mmoja akauliza kwa nini ni muhimu kwa shangazi kujua kama yeye ana watoto. Shangazi alinigeukia.

"Kwani nimemuuliza kitu kibaya?"

"Hapana, shangazi. Ndivyo wanavyofanya kazi."

"Basi mwambie nimeshasahau," akasema, akaufunga mkoba wake uliokuwa umefungwa tayari.

Hilo ningelisamehe. Ni kweli wengi wa fani hiyo hawasemi habari zao, na wana sababu zao, nimezisoma. Ambalo silisamehe ni lililofuata. Madame Delcourt aliposikia neno maiti, aliona ameshaugundua ugonjwa. Mwanamke huyu ameona maiti wengi mno, wamemjaa, na mmoja wa mwisho amefurisha ndoo. Tiba yake ilikuwa kusimulia: achague maiti aliyemtisha kuliko wote, aeleze alichokiona tangu mwanzo hadi mwisho, arudie na kurudia mpaka picha ichuje. Njia hiyo ipo na imewasaidia watu, wanajeshi na walionusurika ajali. Sikatai. Lakini huyu alikuwa muosha maiti.

"Mwambie ya maiti hayasemwi," alisema shangazi.

Nikasema. Madame akaandika. Wiki iliyofuata akaomba tena, kwa sauti laini zaidi. Akauliza ni maiti wangapi. Shangazi akasema hawahesabiwi. Madame akaandika tena, na nilipochungulia niliona neno la Kifaransa lenye maana ya kukwepa. Nilihisi masikio yanawaka. Mtu anakuonyesha nguzo ya nyumba yake nawe unaiandika kuwa ni ufa.

Kikao cha mwisho alikuja na ushauri. Alisema shangazi ana haki ya kujilinda, hakuna anayemlazimisha, aache kabisa kuosha maiti.

Shangazi alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mwambie nimeshaacha. Ndicho kinachoniumiza."

Nililitafsiri neno kwa neno, na nikalirudia nisije nikawa sikusikika. Madame Delcourt akatabasamu, akasema basi kuacha ni hatua nzuri.

Hapo nikafungua mdomo, mimi ambaye sifungui mdomo. Nilisema, "Madame, yeye hakwepi. Hiyo ni amana ya watu." Sauti ilikatika kwenye neno la mwisho. Alinishukuru kwa kushiriki hisia zangu. Kisha akasema yale maneno, hayuko tayari, na kwamba mlango wake uko wazi siku atakapokuwa tayari.

Kwenye basi la 71 shangazi alitazama nje muda mrefu. Tulipofika karibu na Porte de Namur akasema, "Lakini kile kiti chake ni kizuri." Ndilo neno lake la pekee juu ya Madame Delcourt, jana na leo.

Tukashuka Matonge, mtaa wa Wakongo, kwa sababu alitaka kusukwa. Kasoki, msusi wake, ana kiti kwenye Galerie d'Ixelles, na ana kona yenye pazia kwa wanaovaa ushungi. Ni mtu wa Butembo, mkarimu, na hakuna siri inayoishi mikononi mwake hadi saa ya kufunga duka. Alishaujua mkasa wote kabla hatujakaa.

"Maman Zaituni, psy, munganga ya kichwa, ni mambo ya bazungu," alisema huku akigawa nywele. "Unaenda kwa muntu juu akusikilize? Miye nakusikiliza kila mwezi, na unatoka umependeza. Yeye alikufanyia nini ya kichwa? Hata kitana hana."

Wanawake walicheka kote kwenye korido ya saluni, na shangazi akacheka pamoja nao. Mimi nilikasirika upya, safari hii na Kasoki. Kwa nini mmoja akikosea wote wanafutwa? Ukipewa daktari wa meno mwenye mkono mzito hutangazi kwamba meno hayatibiki. Lakini kwenye jambo hili kila mtu ana hukumu tayari mfukoni. Wa upande ule wanasema mgonjwa hayuko tayari, wa upande wetu wanasema dawa haipo, na katikati amekaa mwanamke mwenye vidole vilivyojifunga na bibi anayemsubiri.

Baba yangu naye alimpeleka kwa sheikh. Sheikh alimsomea, akampa dua za usiku, na usingizi wa shangazi ukatulia kweli. Kwa heshima yake niseme kwamba yeye hakudai zaidi ya hapo. Alisema mikono ni jambo jingine, aendelee kutafuta mtu anayeijua.

Mtaalamu wa pili tulimpata kwa kusifiwa na watu. Ghislain, kijana wa Lubumbashi, msomi, anayezungumza Kiswahili. Kila mtu alisema huyu ni wa kwetu, huyu atakuelewa. Hata mimi niliamini. Nilikaa naye chumbani kikao cha kwanza tu, kisha nikasubiri nje, ila mlango ulikuwa mwembamba na sauti ya Ghislain ilikuwa nene.

Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia shangazi vizuri, akamwita maman, akaitikia habari za nyumbani moja baada ya nyingine, na shangazi akalegea mabega kwa mara ya kwanza. Kisha akaanza kumwelewa kabla hajasema.

"Najua, maman, najua," alisikika. "Kwetu muntu akikufa haiko kama hapa. Donc, weye unabeba maiti ya batu bote, na kilio haukulia. Alors, inaomba deuil, matanga ya kweli. Ita ba maman, mupike, mulie, museme yote."

Shangazi alimwambia hitima ilishasomwa, watu walishakula, na kilio kililiwa mpaka kikaisha. Ghislain akasema anajua. Shangazi akaanza kusema kwamba tatizo si kulia, tatizo ni kwamba akiinua kata, lakini kabla hajamaliza Ghislain akamalizia mwenyewe: unaona sura zao. Kisha akaambiwa Waafrika tuna miiko mingi mno juu ya maiti, na kwamba uponyaji ni kuivunja. Jamani. Mtu wa lugha moja nasi, aliyelelewa labda nyumba moja tu kutoka kwa Waislamu wa mji wake, na alikuwa amempita Zaituni mbio bila kumwona. Kwa Delcourt angalau kulikuwa na kimya ambamo mtu angeweza kusema kitu. Ghislain alikijaza chote kwa nia njema.

Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, waliamini kwamba maiti ndio waliomdhuru. Hakuna aliyefikiri kwamba labda amedhulumiwa maiti wake.

Kasoki alipopata habari alisema, "Si nilikuambia?" Nilikuwa nimesimama kwenye pazia nikisubiri shangazi. Nilitaka kumjibu kwa hotuba nzima. Nilisema tu, "Bado hatujampata," na nikaona aibu kwamba nina hilo tu la kusema. Kasoki akanitazama, safari hii bila mzaha. "Basi tafuta, petite, mudogo yangu," akasema. "Weye ndiye umesoma."

Nikatafuta. Naandika hili kwa hasira kwa sababu kutafuta kwenyewe ni kazi ya watu wenye afya. Simu hazipokelewi, orodha za kusubiri zimefungwa, unaachwa na muziki sikioni, unaeleza aibu ya familia yako kwa mashine. Mtu aliyevunjika ndani anatakiwa awe na nguvu ambazo kama angekuwa nazo asingehitaji tiba. Na akikosea chaguo, anajilaumu yeye. Wakati wote huo Bibi Rayhana alikuwa akipungua shukani. Mzaha wake ulibaki, ila ukawa mfupi. "Mikono?" aliuliza tulipoingia. Shangazi akatikisa kichwa. "Haya," akasema Bibi, "lete supu."

Wa tatu alipatikana kwenye kituo cha afya ya akili cha mtaani, jengo la kawaida lenye ngazi zinazonuka dawa ya sakafu. Jina lake Lieve, Mflamandi, Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi, mwanamke wa makamo anayekaribia kustaafu, mwenye sweta iliyotoka nyuzi. Nilipomwona moyo ulishuka. Kifaransa chake kilikuwa na kokoto kama cha shangazi. Na jambo la kwanza alilofanya ni kunitoa nje. Alisema kwa adabu kwamba watasemezana polepole, wakishindwa ataita mkalimani mwanamke ambaye si wa familia. Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimefura. Miezi yote nimekuwa mdomo wa shangazi, na sasa nafukuzwa na mtu asiyejua Buyenzi iko wapi.

Shangazi alinisimulia baadaye. Lieve alimwekea boksi la leso gotini. Shangazi akamwambia halii. Lieve akalichukua akaomba radhi. Alipoulizwa kama ana watoto akajibu kwamba hana, ana mbwa mzee, na hajambo. Kisha akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba wakijaribu vikao kadhaa wasipoelewana, halitakuwa kosa la Zaituni, na yeye mwenyewe atamsaidia kumtafuta mwingine. Neno hilo moja. Kwa nini tulipita milango yote ile bila mtu kulitamka? La pili, aliposikia kwamba ya maiti hayasemwi, aliweka kalamu chini akasema, basi hatutayasema. Nieleze kazi, usinieleze watu.

Wiki baada ya wiki Zaituni akamweleza kazi. Maji yawe vuguvugu kiasi gani. Shuka hushikwaje ili mwili usionekane. Kafuri huingia lini. Hakuna siri ndani ya hayo, tunafundishana misikitini. Na Lieve siku moja alimuuliza kazini kwake anaoshaje wazee, na mikono hufanya nini huko. Hatimaye mtu akaliuliza. Ikabidi shangazi aseme kwa sauti kwamba mikono haiogopi maji wala mwili. Akakaa na hilo wiki nzima, akipika huku amenuna, akiunguza vitunguu.

Kilichotokea kikao kilichofuata nilikisikia siku hiyo hiyo, kando ya kitanda cha Bibi Rayhana, kwa sababu shangazi hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Aliingia wodini bila kuvua koti.

"Bibi, yule mzungu ameniuliza swali," alisema. "Ameniuliza nilipojifunza kuosha, nani alilala mkekani."

Bibi Rayhana alifumbua macho. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Hidaya," akasema.

Mimi sikujua. Kumbe kule Buyenzi, Bibi akiwafundisha wasichana, mmoja hulala kwenye mkeka kuwa maiti, na wenzake humwosha juu ya nguo, hatua kwa hatua. Wasichana waliogopa kulala, wakisema ni mkosi. Hidaya peke yake hakuogopa. Ndiye aliyekuwa maiti wa Zaituni, alasiri nzima uani, mpaka Zaituni akajua kazi.

"Alikuwa hatulii," shangazi alisema. Sasa alikuwa analia, bila kujificha, na anacheka. "Kichwani sawa, mabegani sawa, maji yakifika miguuni anaanza."

"Nilimpiga kofi la unyayo," alisema Bibi. "Nikamwambia, maiti gani inacheka? Akasema, mimi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alizima televisheni yake, sijui kwa adabu au kwa udadisi.

Shangazi alisema kwamba pale kwa Lieve, baada ya kulijibu swali lile, neno lilimtoka ambalo hakujua kama analo: kwamba tangu korona, kila akiinua kata anaona anampa mtu wa watu kile alichomnyima wake. Mikono haikuwa imeugua. Ilikuwa imegoma, ikimsubiri Hidaya. Lieve hakuongeza kitu. Aliuliza tu, na maji siku ile ya mkekani yalikuwa ya moto au ya baridi?

"Lile halikuwa josho la maiti," shangazi alimwambia Bibi, akifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Fiqhi yangu, sheria ya dini, naijua. Hakuwa maiti, na haihesabiki."

"Haihesabiki," alikubali Bibi. "Lakini ulimwosha. Mimi nilikuwepo."

Asije mtu akafikiri kwamba vidole vilifunguka pale pale. Shangazi aliendelea kwenda kwa Lieve. Siku moja alikwenda kwenye chumba cha kuoshea akakata sanda tu, akarudi. Siku nyingine alimshikia shuka mke wa Fahad, na akaniambia kwamba kweli yule binti ana vidole vya barafu. Niliendelea kuhesabu hasira zangu njiani. Zilikuwa juu ya mwaka uliopotea. Juu ya wale waliokuwa na njia moja na kila mtu lazima aipite, na asiyepita ni mkaidi. Juu yetu sisi tuliokuwa tayari kumchekesha Zaituni ilimradi asituambie anaumwa. Watu huniuliza kama tiba hii ya kuzungumza inafanya kazi kweli, na huuliza kwa tabasamu, wakitaka niseme ndiyo au hapana. Nawaambia ilifanya kazi kwa mtu wa tatu, na kwamba tulikaribia kukata tamaa kwa wa pili, na kwamba walio wengi hawana mpwa wa maktaba wa kuwapigia simu. Hapo tabasamu hupungua.

Bibi Rayhana alifariki asubuhi moja ya mvua, majani ya miti ya Schaerbeek yameshaanguka. Simu ilipigwa kwa Zaituni. Hakusema ana zamu wala mgongo. Aliniambia nivae nguo ninayoweza kuilowesha, kwa kuwa mtu wa kushika shuka anahitajika na mimi nina mikono ya joto.

Ya Bibi Rayhana sitayasema. Niliyoyaona nimeyaacha pale. Madame Delcourt, kama atasoma hapa, aandike kwamba nakwepa.

Ya muoshaji lakini naweza kuyasema, kwa sababu yuko hai na amenipa ruhusa. Aliinua kata, na vidole vikaishika. Alianzia upande wa kulia, akaja kushoto, taratibu, midomo ikisoma. Mvua ilipiga kwenye dirisha la juu. Alipofika miguuni akasimama. Kata ilikuwa hewani, imejaa, na mabega yake yalitikisika, na mimi nikajua basi, imerudi, mikono imegoma tena. Nikasogea kumpokea kata.

Hakunipa. Alikuwa anazuia kicheko.

"Maiti gani inacheka," alisema chini chini, na akamwaga maji.